Nauli ya Mwanafunzi: Kwa Nini Tuchange?

(Mazungumzo yaliyotolewa na ofisi yetu ya maendeleo mbele ya vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tueleze jambo ambalo limeleta maneno mengi tangu mkutano uliopita. Mnalijua. Binti mmoja wa hapa kwetu, anayesomea uhandisi chuo kikuu, ametuandikia barua akiomba vikundi vimsaidie nauli ya kwenda kongamano ng'ambo. Kazi yake imekubaliwa, na akifika atasimama aieleze. Kongamano lenyewe ni la watu wanaochunguza namna ya kuunganisha ubongo wa binadamu na kompyuta. Barua iliposomwa, mama mmoja aliuliza, "Sisi tunaochanga pesa za tangi la maji, ubongo na kompyuta vinatuhusu nini?" Watu walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali lile ni la haki.

Hebu tuanze na mgonjwa. Wengi wenu mmemwuguza mtu aliyepigwa na kiharusi. Kuna wale ambao mwili wote hukataa: mkono hauinuki, ulimi haugeuki, macho tu ndiyo yanayotembea. Watu huingia chumbani wakazungumza juu yake kana kwamba hayupo. Kumbe yupo, na anasikia kila neno. Uko pia ugonjwa unaoitwa ALS, ambao huharibu neva zinazoamrisha misuli, kidogo kidogo, mpaka mtu ashindwe kusema, na mara nyingi akili yake inabaki timamu. Mtu kama huyo akitaka maji, atasemaje?

Basi hapo ndipo utafiti huu unapoingia. Ubongo hufanya kazi kwa umeme. Daktari Mjerumani, Hans Berger, aliupima umeme huo kwenye kichwa cha binadamu mwaka 1924 katika mji wa Jena, akatangaza mwaka 1929. Ni umeme mdogo ajabu. Betri moja ya redio ina volti 1.5, umeme unaopimwa juu ya ngozi ya kichwa ni mdogo kuliko huo mara kama elfu thelathini. Mwaka 1973 Jacques Vidal, mwalimu wa chuo kikuu huko Los Angeles, Marekani, aliandika akiuliza kama dalili hizo zinaweza kupeleka ujumbe kwa kompyuta bila mkono wala mdomo.

Mwaka 1988 Farwell na Donchin walionyesha njia mojawapo. Weka mbele ya mtu kioo chenye herufi, zimepangwa safu sita kwa safu sita. Safu zinawaka na kuzima kwa zamu. Mtu anakazia macho herufi anayoitaka. Safu yenye herufi yake ikiwaka, ubongo unashtuka kidogo, kabla hata ya nusu sekunde kupita, na kompyuta inauona mshtuko ule. Kazi yao ilitoa herufi kama 2.3 kwa dakika. Neno "maji" lingechukua karibu dakika mbili. Mtasema ni polepole mno. Mwulizeni aliyekaa mwaka mzima bila kusema neno kama dakika mbili ni nyingi. Mwaka 1999 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, wakiongozwa na Niels Birbaumer, walitangaza kwamba wagonjwa wawili wa ALS waliokuwa wamepooza wameweza kuandika kwa kutumia ubongo peke yake, kwa njia nyingine tofauti na hii.

Sasa tuje kwenye makongamano. Mwezi wa Juni mwaka huo huo wa 1999, watafiti wa jambo hili walikutana kwa mara ya kwanza huko Rensselaerville, karibu na Albany, New York. Walikuwa watu wapatao hamsini tu, kutoka vikundi 22. Kikundi kimoja hakikujua mwenzake anapimaje, kila mmoja na njia zake. Mwaka 2010 walihamia Asilomar, California, mahali palipojengwa kama kambi ya chama cha wanawake vijana Wakristo mwaka 1913, na wakarudi hapo 2013, 2016 na 2018. Mwaka 2021 walikutana kwa mtandao kwa sababu ya Korona, 2023 wakaenda Brussels, na 2025 Banff, Kanada. Pale Asilomar watu hulala hapo hapo na kula kwenye ukumbi mmoja. Mwanafunzi anajikuta amekaa meza moja na mtu ambaye vitabu vyake amekuwa akivisoma, anamwomba chumvi, halafu anamwuliza swali.

Tena si wasomi tu. Mwaka 2013 kulikuwa na kikao ambapo watu wenye ulemavu wenyewe, ambao hawakuweza kusafiri, walizungumza kwa video wakaeleza wanataka nini. Sisi tungependa kila mkutano wa maendeleo, pamoja na yetu hii, uige hapo.

Na nauli za wanafunzi, nani hulipa? Hapa ndipo tulipotaka mfike. Hata Marekani, nchi ya pesa nyingi, mwanafunzi hajitoshelezi. Shirika la Taifa la Sayansi na taasisi za taifa za afya za huko, ambazo hutumia kodi ya wananchi, zimewahi kutoa ruzuku ili wanafunzi waweze kuhudhuria mikutano hii. Kwa hivyo asije mtu akasema kuomba nauli ni tabia ya maskini. Ni harambee, ila wao hupitishia serikalini.

Kwa nini wanalipa? Tutawapa kisa kimoja, na kwetu sisi hiki ndicho jibu la yule mama.

Kupima umeme wa ubongo, unavaa kofia yenye vidude vidogo vya chuma vinavyoitwa elektrodi. Lazima viguse ngozi ya kichwa sawasawa, tena kwa mafuta maalum. Sasa kofia zile zilitengenezwa na watu wenye nywele laini zilizolala. Ukiivalisha kwenye nywele zetu, nywele zinaisukuma juu, elektrodi zinaelea, na kompyuta inasikia kelele tupu. Watafiti wengine walikuwa wakiona ni rahisi zaidi kumwambia mtu mwenye nywele kama hizo aende nyumbani. Miaka na miaka. Maprofesa wakubwa, mashine za bei kali, na hakuna aliyekaa chini akasema hili ni kosa la kofia, si la nywele.

Aliyelishughulikia alikuwa mwanafunzi. Arnelle Etienne, msichana mweusi katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, aliona dawa yake ni jambo ambalo kila binti hapa analijua: suka mistari. Ukisuka ukifuata zile sehemu ambazo elektrodi hukaa, ngozi inabaki wazi katikati. Halafu yeye na wenzake wakatengeneza vishikizo vinavyojibana chini ya mistari ile, na mistari yenyewe ndiyo inayokandamiza elektrodi zisitoke. Zikapewa jina Sevo, neno la watu wa Haiti lenye maana ya ubongo. Kazi hiyo waliipeleka kwenye kongamano la wahandisi wa tiba la Julai 2020, ambalo lilikuwa lifanyike Montreal likafanywa kwa mtandao. Vipimo vyao vilionyesha kwamba elektrodi zinagusa vizuri zaidi sana kuliko za kawaida kwenye nywele za aina hiyo.

Mama yetu, ubongo na kompyuta vinakuhusu kwa njia hiyo. Kofia inashonwa leo, na kama hakuna kichwa chetu mezani, haitatutosha kesho. Hata hizo herufi za kioo, mashine nyingi za siku hizi hukisia neno kabla hujalimaliza, lakini hukisia kwa lugha zilizofundishwa. Mgonjwa wetu akianza "ninaumwa na m", nani amefundisha mashine kwamba huenda ni mgongo?

Hatutaki kuwadanganya. Mashine hii haitafika kwenye zahanati yetu mwaka ujao, na haiponyi kiharusi. Anayetaka mchango urudi na faida kama mbuzi wa kikundi, atavunjika moyo. Binti atarudi na kazi iliyokosolewa na watu wanaojua, na majina ya watu wa kuwaandikia akikwama.

Lakini pesa ni zenu, kwa hivyo kamati imekubaliana na sisi juu ya mambo machache. Siku hizi kuna mikutano ya ulaghai: inakubali karatasi yoyote, kwa siku mbili tu, bila kuisoma, mradi ulipe. Vijana wengi wamelipa wakajuta. Tumemwomba mwalimu wake wa chuo aandike barua kwamba kongamano hili analijua na kazi ilisomwa na wataalamu kabla ya kukubaliwa. Barua imefika. Pili, binti ameomba kwanza msaada ambao waandaaji huwapa wanafunzi, akapata sehemu. Sisi tunaombwa kilichobaki tu. Tatu ni viza. Ada yake hairudishwi hata ukinyimwa, na vijana wetu hunyimwa mara nyingi. Kwa hiyo tutatoa ada hiyo kwanza, na nauli haitaguswa mpaka pasipoti irudi na muhuri. Akinyimwa, tutauliza kama anaweza kueleza kazi yake kwa mtandao, na pesa za nauli zitarudi kwa vikundi, kila kimoja na chake, kwa risiti. Wengine katika kamati walitaka azilipe baadaye kama mkopo. Sisi tulikataa, na tunakataa bado. Mwanafunzi aliyebeba deni hawezi kukaa darasani kwa amani.

Kikundi kisichoweza kuchanga kisichange, wala hakuna atakayekiuliza. Pesa za tangi la maji hazitaguswa kabisa. Ziko kwenye akaunti yake, na mweka hazina anacho kitabu hapa kwa anayetaka kukagua.

Jambo la mwisho ni hili. Binti atakuja Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane, kutuonyesha kazi yake kabla hajaionyesha kwa wageni. Ameruhusiwa kuazima kofia moja ya chuo, na anatafuta mtu wa kujitolea avalishwe. Amesema wazi: awe na nywele zake mwenyewe, na awe amesuka mistari.