Ujumbe Unaopiga Hodi na Kuondoka: Arifa za Muda Mfupi Katika Michezo ya Kompyuta

Makala haya yanazungumzia jambo dogo ambalo vijana wengi huliona kila siku bila ya kulitafakari. Nalo ni ule ujumbe mfupi unaochomoza pembeni mwa skrini wakati mtu anapocheza mchezo wa kompyuta, ukakaa kwa sekunde chache, kisha ukatoweka wenyewe.

Mnamo mwaka 1982, kampuni ya Activision ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Pitfall! kwa ajili ya mashine ya Atari 2600. Mchezaji aliyefikisha pointi 20,000 alitakiwa aipige picha televisheni yake ikiwa inaonyesha pointi hizo, aitume picha hiyo kwa njia ya posta, kisha asubiri kuletewa beji ya kitambaa ya kushonwa kwenye nguo. Novemba mwaka 2005, Microsoft ilipoanza kuuza mashine ya Xbox 360, pongezi za namna hiyo zilianza kumfikia mchezaji papo kwa papo. Kisanduku kidogo kilichomoza upande wa chini wa skrini, kikatoa mlio, kikamweleza mchezaji ushindi alioupata, kisha kikaondoka bila ya kumkatiza mchezo wake. Mtandao wa Steam ulifuata njia hiyo mwaka 2007, na PlayStation 3 mwaka 2008.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ujumbe wa aina hii nao ni mgeni. Akipiga hodi kwa adabu, akasema alilojia na kuaga, mwenyeji hufurahi. Lakini akiingia kwa kishindo na kuketi katikati ya nyumba, huwa ni mzigo. Je, mtengenezaji wa mchezo afanye nini ili mgeni wake awe na adabu?

Kwanza, ujumbe huo hupitia hatua tatu: kuingia, kutulia na kutoka. Muda wa kila hatua yafaa upimwe kwa saa, na wala si kwa hesabu ya picha zinazochorwa kwenye skrini. Mashine nyingi huchora mchezo mara 30 au mara 60 kwa sekunde. Ujumbe ulioamriwa kukaa kwa muda wa picha 180 utadumu sekunde tatu katika mashine inayochora picha 60 kwa sekunde, sekunde sita katika ile inayochora picha 30, na sekunde moja na nusu tu katika ile inayochora 120. Mchezo ni ule ule, lakini mchezaji mmoja atausoma ujumbe wote na mwingine hataumaliza.

Pili, ni lazima pawepo na foleni. Huenda mchezaji akaokota ufunguo, akapanda daraja na kumaliza kazi aliyopewa, yote kwa wakati mmoja. Iwapo jumbe tatu zitachomoza mahali pamoja, ya mwisho itazifunika zilizotangulia. Kwa hiyo programu huzipanga, ikautoa mmoja baada ya mwingine, na ule ulio muhimu zaidi ukapewa nafasi ya mbele. Hali kadhalika, ujumbe usiteke vitufe vya mchezaji. Mtu aliye katikati ya vita asilazimishwe kubonyeza kitufe ili aondoe pongezi.

Tatu ni mahali na mwendo. Jicho la mwanadamu husoma herufi kwa ufasaha katika sehemu ndogo tu ya katikati ya uoni wake, ingawa pembeni hutambua haraka kitu kinachosogea. Ndiyo maana kisanduku kinachoteleza taratibu kutoka ukingoni huonekana, hata kama mchezaji bado hajayasoma maandishi yake. Ama kumetameta kwa kasi, hilo ni la kuepukwa. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za intaneti inataka kitu chochote kisimetemete zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwani mwanga wa namna hiyo waweza kuwasababishia kifafa baadhi ya watu.

Suala gumu zaidi, wapenzi wasikilizaji, ni muda wa kusoma. Katika simu zinazotumia Android, ujumbe wa muda mfupi wa aina hii una vipimo viwili vya kawaida: sekunde mbili na sekunde tatu na nusu. Kwa neno moja au mawili muda huo unatosha. Lakini wachezaji wengi husoma lugha isiyo ya mama zao; wengine wana uoni hafifu, na wengine ni watoto ambao ndio kwanza wanajifunza kusoma. Kwao wao, sekunde mbili ni kufumba na kufumbua. Mchezo ulioandaliwa vyema humruhusu mchezaji aongeze muda huo, akuze herufi na asikie mlio. Aidha, hauutegemei mlio peke yake wala rangi peke yake, kwani wapo wasiosikia na wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Juu ya yote hayo ipo kanuni moja: lisilofaa kupotea lisikabidhiwe ujumbe unaopotea. Pongezi ikipita bila kusomwa, hasara ni ndogo. Lakini onyo kwamba mchezo haukuhifadhiwa likipita bila kuonekana, mtu atazima mashine akiwa na utulivu, na kesho yake akute kazi ya saa nyingi imefutika. Onyo kama hilo linapaswa libaki kwenye skrini mpaka mchezaji mwenyewe alikubali. Na hata zile jumbe nyepesi, inafaa ziwekewe orodha ambayo mchezaji anaweza kuifungua baadaye na kuzisoma kwa nafasi yake.

Naam, hivyo ndivyo kisanduku cha sekunde tatu kinavyobeba maamuzi mengi, na kila uamuzi ni swali la nani atahesabiwa miongoni mwa wachezaji na nani atasahauliwa.