Somo la Leo: Kuomba Nafasi ya Udaktari wa Kitaliani

Labda mwanao anataka kusomea udaktari wa lugha na vitabu vya Kitaliani huko Bologna, nchini Italia. Udaktari huu si wa kutibu watu. Ni wa utafiti, nao huchukua miaka isiyopungua 3. Nafasi hupatikana kwa kushindana. Chuo hutoa tangazo, na humo mna hati zitakiwazo na siku ya mwisho. Mwombaji hupeleka cheti cha shahada yake na maelezo ya utafiti anaotaka kuufanya. Siku ikipita, maombi hayapokelewi, hata awe hodari namna gani. Basi, mwambie akusomee tangazo lote kwa Kiswahili, nawe uiandike siku ile ukutani kwa mkono wako mwenyewe. Kwaherini.