Mbwa Anayerarua Malazi Yake: Sababu na Hatua za Kuchukua

Mazungumzo ya elimu ya mifugo kwa wakazi



Mwenye mbwa humtandikia mnyama wake gunia au blanketi kuukuu jioni, na asubuhi akakuta vipande vimetapakaa uani. Wengi hushika fimbo. Wengine humfunga mnyororo usiku na mchana. Hatua hizo hazisaidii, kwa kuwa mbwa hawezi kuhusisha kipigo cha asubuhi na jambo alilofanya usiku. Anachojifunza ni kumwogopa mwenye fimbo, na mbwa mwenye hofu huuma upesi.

La kwanza ni kutafuta sababu. Mtoto wa mbwa wa miezi 3 hadi 7 hubadilisha meno. Ufizi humsumbua, naye hutafuna chochote. Mbwa mzima aliyefungwa kutwa bila matembezi humalizia nguvu zake kwenye malazi. Mwenye viroboto hukwaruza na kung'ata tandiko. Jike mwenye mimba, ambayo huchukua takriban siku 63, hurarua matandiko anapokaribia kuzaa. Huyo apewe mahali patulivu na asikaripiwe.

Tiba hufuata sababu. Mbwa atembezwe asubuhi na jioni, apewe kitu kigumu cha kutafuna, na asipewe mifupa iliyopikwa kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha kali. Viroboto vitibiwe kwa dawa ya daktari wa mifugo, na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Hadi tabia ikome, kichanja cha mbao chenye nyasi kavu kinatosha. Nguo, sponji na kamba ziondolewe: zikimezwa huweza kuziba utumbo. Mbwa anayetapika, asiyekula wala kupata choo, afikishwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Ipo sababu moja isiyotaka subira. Mbwa aliyekuwa mtulivu akibadilika ghafla, akang'ata malazi, miti na mawe, akatokwa na mate mengi, sauti ikabadilika au akashindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa. Wengi hudhani mfupa umemkwama, wakamfungua mdomo kwa mikono. Hilo ni hatari kubwa. Mbwa huyo asiguswe, wala vipande vyenye mate yake visishikwe kwa mikono mitupu. Watoto waondolewe, lango la boma lifungwe, na afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe mara moja.

Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno mgonjwa kupona.

Kenya imelenga kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo huanzia bomani: mbwa achanjwe akifikisha miezi 3, chanjo irudiwe kila mwaka, na cheti kitunzwe. Mwenye mbwa aliyechanjwa akikuta gunia limeraruliwa, atatafuta gunia jingine na kuchunguza sababu bila hofu ya kichaa kumtawala.