Programu za Bure Nazo Zina Haki Zake

(Mazungumzo na vijana wa Manga baada ya futari)



Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana wenzangu. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa Manga katika mwezi huu mtukufu. Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kompyuta, maana wengi wenu mnatengeneza programu za maduka na za shule. Sitawachosha. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka ya nyuma niliuza programu ya hesabu kwa duka moja la dawa kule Kisii mjini. Sehemu ya kuchapisha risiti sikuiandika mimi. Niliichukua kwenye intaneti, imetolewa bure. Ilikuja na jina la mwandishi pamoja na leseni yake. Nikafuta vyote viwili, nikaweka jina langu, nikapokea pesa. Baadaye mwenye duka akataka marekebisho kidogo, nami nilikuwa safarini. Fundi mwingine akashindwa kumsaidia, kwa sababu nilimpa programu iliyofungwa tu, bila yale maandishi ya asili ambayo fundi huyasoma na kuyabadilisha. Hapo ndipo nilipoisoma ile leseni kwa mara ya kwanza. Nikaona nimewadhulumu watu wawili: aliyeandika na aliyenunua.

Sasa tuelewane. Programu huria si mali isiyo na mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta katika kazi za maandishi, sawa na kitabu. Mwandishi amekupa ruhusa, na ruhusa hiyo ina masharti. Ukiyavunja, huna ruhusa tena.

Mtaniuliza, je, tunaweza kuuza? Ndiyo, leseni huria hazikatazi biashara. Linalotazamwa ni umechanganya nini na nini, kisha ukamkabidhi nani. Leseni zenyewe si za aina moja.

Zipo nyepesi, kama MIT na BSD. Unaweza kuiweka programu hiyo ndani ya yako na kuifunga, mradi ubakishe tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni.

Ipo MPL. Mfano wake ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 katika mpango wa AMPATH. Leo unatolewa kwa MPL 2.0 pamoja na nyongeza yake kuhusu afya. Ukibadilisha mafaili yake ukauzia kliniki, mafaili hayo lazima yabaki wazi. Mafaili uliyoandika wewe mwenyewe kando yanaweza kuwa na leseni yako.

Ipo LGPL. OpenOffice ilitolewa kwa leseni hiyo, na ndiyo maana mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kuitoa kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Programu yako ya biashara inaweza kutumia sehemu yenye LGPL na ikabaki imefungwa, lakini utoe maandishi ya asili ya sehemu ile, na mnunuzi aweze kuibadilisha kwa nyingine.

Halafu ipo GPL. Hapa vijana wengi hujikwaa. Ukiweka programu yako na ya GPL katika CD moja, kila moja ikijitegemea, ni kama ndizi na mahindi katika gunia moja. Kila kimoja kina bei yake. Lakini ukiichanganya ndani ya yako zikawa kitu kimoja, hiyo ni sukari ndani ya chai. Ukimpa mtu chai hiyo, yote inafuata GPL: umpe maandishi ya asili, na umwachie haki ya kunakili na kubadilisha. GPL ya pili, ya mwaka 1991, inakuruhusu badala yake kumpa ahadi ya maandishi, isiyopungua miaka 3, kwamba akiyataka utampa kwa gharama ya kunakili tu.

Msidhani ni maneno ya karatasi. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliizuia kampuni ya Sitecom kusambaza kifaa chake bila kutimiza GPL, baada ya Harald Welte, mmoja wa waandishi wa programu iliyokuwa ndani yake, kushtaki.

Basi tufanye nini? Kabla ya kuchukua sehemu yoyote, soma leseni yake. Weka orodha ya ulivyochukua. Usifute jina la mtu. Masharti yakikushinda, iache, au mwombe mwenyewe akupe leseni nyingine. Mimi nilirudi dukani, nikalirejesha lile jina, nikampa mwenye duka maandishi yote.

Ndugu zangu, mchana wa Ramadhani ukiwa peke yako chumbani na maji yapo, hunywi. Hakuna anayekuona isipokuwa Mola wako. Na programu uliyoifunga, ni wachache sana watakaoifungua waone umeweka nini. Funga inayokuzuia kugusa maji yako mwenyewe haiwezi kukuruhusu kufuta jina la mwenzako.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu na atubarikie riziki zetu.