Jiko Jipya la Kuni Lipewe Muda Likauke
Mazungumzo ya kusomwa kwenye mabaraza na mikutano ya vikundi



Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya nyumba nchini Kenya hupika kwa kuni kuliko kwa moto mwingine wowote. Kwa hiyo jiko ndilo linaloamua mama ataenda kutafuta kuni mara ngapi kwa wiki, na mtoto aliye karibu naye atavuta moshi kiasi gani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Jiko linalozungumziwa leo ni lile ambalo wengi huliita jiko kisasa. Magharibi mwa Kenya huitwa pia Upesi, na huko vikundi vya akina mama vimelifinyanga kwa miaka mingi. Kinachonunuliwa sokoni ni kiini tu: udongo uliofinyangwa na kuchomwa, wenye mdomo mmoja wa kuingizia kuni na mafiga madogo matatu ya kubebea sufuria. Kiini hicho hakijawa jiko mpaka kijengewe.

Mara nyingi mambo huharibika hapo. Fundi hujenga Jumatatu, Jumanne jioni wageni wanabisha hodi, na jiko linawashwa. Udongo mbichi unapasuka, kiini kinalegea. Mwezi ukiisha, kuku anatagia ndani ya jiko na mama amerudi kwenye mawe yake matatu. Majirani wanasema jiko hilo halifai, na wao hawanunui. Kumbe kosa lilikuwa haraka.

Kwanza, mahali. Jiko lisikae pale upepo wa mlangoni unapopiga moja kwa moja kwenye mdomo wake, wala karibu na ukuta wa nyasi au nguo zinazoning'inia. Liwe karibu na dirisha au tundu la kutolea moshi. Jiko hili hupunguza moshi lakini haliumalizi, kwa hiyo dirisha libaki wazi wakati wa kupika.

Pili, kujenga. Udongo mzuri ni ule unaoshikana, kama wa kichuguu, ukichanganywa na mchanga kidogo na nyasi zilizokatwa fupi. Kiini kilowanishwe kwanza ili kisinyonye maji ya udongo. Kisha kizungushiwe mawe au vipande vya matofali, na udongo ushindiliwe katikati pasibaki uwazi. Udongo upande hadi ukingo wa kiini, lakini usifunike mafiga. Ujenzi uwe imara, kwa sababu anayesonga ugali husukuma sufuria kwa nguvu zake zote.

Tatu, kukausha. Jiko liachwe wiki moja hadi mbili bila moto, na msimu wa mvua lingoje zaidi. Nyufa ndogo zikijitokeza zipakwe udongo laini zingali changa. Katika siku hizo nyumba iendelee kupikia jiko la zamani, na wageni wakija wapikiwe huko huko. Moto wa kwanza uwe wa vijiti vichache vikavu. Siku zinazofuata uongezwe kidogo kidogo.

Nne, kutumia. Jiko jipya halipendi gogo. Kuni zipasuliwe nyembamba na kuanikwa mahali pasiponyeshewa, kwani kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake zenyewe na kutoa moshi mwingi. Vijiti viwili au vitatu vinatosha, na vinasukumwa ndani kadiri vinavyoungua. Mdomo ukijazwa kuni, hewa haipiti na moto unakohoa. Maharagwe yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe, na chakula kikishachemka kuni moja ivutwe nje na kuzimwa kwenye mchanga. Hapo ndipo mzigo wa kuni hudumu siku nyingi zaidi.

Tano, kutunza. Maji yasimwagwe kamwe kwenye jiko la moto, kwani kiini hupasuka. Jivu litolewe kila siku jiko likiwa limepoa. Ufa ukionekana kwenye udongo wa nje, uzibwe siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho linawahusu akina baba pia. Kupasua kuni, kutengeneza kibanda cha kuzianikia na kutoboa dirisha la jikoni si kazi ya mama peke yake. Watoto wachanga wasibebwe mgongoni wakati wa kupika, na wanaotambaa wawekwe mbali na mdomo wa jiko. Mtoto anayekohoa kwa siku nyingi au kupumua kwa shida apelekwe kituo cha afya, asingojewe apone mwenyewe.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wiki mbili za kungoja ni kidogo kwa jiko litakalopikia nyumba kwa miaka.