Kilio cha Susana
(Dominika ya Tano ya Kwaresima)

Wapendwa ndugu wasikilizaji, kesho Jumatatu Mama Kanisa atatusomea katika Misa habari ya Susana, iliyomo katika sura ya 13 ya kitabu cha nabii Danieli. Kwa kuwa ni somo la siku ya kazi, na saa hiyo wengi wetu tumo ndani ya daladala tukielekea Posta au Kariakoo, wako waamini wanaofikia uzee bila kulisikia hata mara moja. Ndiyo sababu leo tumeona vema kulitangulia kwa siku moja, maana tunataka kusema nanyi juu ya watoto wetu walioko vyuoni, na juu ya usalama wao.

Susana alikuwa mke wa Yoakimu, mtu tajiri kati ya Wayahudi waliokuwa uhamishoni Babeli. Nyumba yake ilikuwa na bustani, na watu walifika hapo kuamuliwa mashauri yao. Mwaka ule walikuwa wamewekwa wazee wawili kuwa waamuzi. Adhuhuri, watu walipokwisha kutawanyika, Susana alizoea kutembea bustanini. Nao wazee wale walizoea kumtazama. Siku moja walijificha humo, wakangoja hata wajakazi walipotoka na kufunga milango, kisha wakamwendea. Wakampa achague: ama awakubalie, ama wamshuhudie mbele ya watu kwamba wamemkuta na kijana. Susana akapiga kelele kwa sauti kuu.

Hapo tunaomba tusimame kidogo. Siku hizi binti akipatwa na baya, twamwuliza: ulikuwa wapi, ilikuwa saa ngapi, ulivaa nini, ulikuwa na nani. Haya, tumwulize Susana. Alikuwa nyumbani kwake. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Milango ilikuwa imefungwa. Hakukosea jambo lolote kati ya yale tunayowahimiza binti zetu. Na waliomvamia hawakuwa wahuni wa kijiweni, bali waamuzi, watu wa kuamkiwa shikamoo. Wala si kwamba kilio chake hakikusikika. Watumishi walikuja mbio. Kilisikika, ila hakikuaminiwa, kwa kuwa wazee nao walipaza sauti, na sauti yao ilikuwa na cheo. Kesho yake mkutano mzima ukamhukumu kufa.

Ndugu wasikilizaji, jambo la namna hii lilitokea hapa hapa Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu pale Mlimani, ambapo wakati ule palikuwa katika Wilaya ya Kinondoni. Wale wa rika letu wanakumbuka jina la Punch. Yalikuwa maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani na watu wasiojitaja majina, ikiwadhihaki wanafunzi na walimu. Na wasichana ndio walioumizwa zaidi, kwa matusi ya mwili ambayo hatuwezi kuyarudia katika kipindi hiki. Aliyebandikwa alitengwa, wenzake waliogopa hata kuketi naye. Februari 1990 mwanafunzi mmoja, Levina Mukasa, aliyekuwa ameandamwa hivyo, alijitoa uhai. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipaza sauti juu ya kifo hicho, na Punch ikapigwa marufuku.

Mtu anaweza kuuliza: mbona hapo hapakuwa na mwizi, wala panga, wala giza? Ni kweli. Palikuwa na taa, na walinzi getini, na wasomi wa taifa zima. Kila aliyepita penye ukuta ule alisoma. Wengi walicheka, na wengine walihuzunika wakaenda zao darasani. Leo ukuta ule umehamia ndani ya simu. Picha ya binti huzungushwa usiku kucha, na asubuhi aingiapo ukumbini kila mtu ameiona. Kijana unayetusikiliza, ukiipokea picha kama hiyo ukaisambaza, hata kama hukuipiga wewe, umekwisha kuwa miongoni mwa waliobandika.

Nasi tusijifanye tu wasafi. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukihudumu katika parokia moja ya pembezoni mwa Temeke, binti mmoja wa chuo alifika ofisini kwetu siku ya Jumatatu asubuhi. Alikuwa amepanga chumba si mbali na kanisa. Usiku wa Jumamosi, akitoka kituoni, vijana wawili walimpora mkoba wakaanza kumburuta kuelekea kwenye pagale. Alipiga kelele. Alituambia aliona taa ya nyumba ya jirani ikiwashwa, kisha ikazimwa. Akaponea pikipiki iliyopita. Nasi, baada ya kusikia yote hayo, tulimwuliza nini? Tulimwuliza: “Binti, saa nne ile ya usiku ulikuwa unatoka wapi?” Akajibu kwa adabu: “Maktaba, Padre.” Akanyamaza kidogo, akaaga, na hatukumwona tena katika Misa zetu. Nyumba ile iliyozima taa twaijua. Ni ya familia ya Jumuiya, watu wa sadaka na wa kwaya. Nao hatukuwauliza kitu. Swali letu lote tulikuwa tumelimaliza kwa binti.

Ni ajabu, maana mitaa yetu haina uziwi. Mtu akipiga ukelele wa “mwizi!” kwa sababu ya simu, huchukua muda gani kabla watu mia hawajatoka na mawe na matairi? Hapo twatoka hata bila viatu, na tukishatoka twafanya lililo baya kuliko wizi wenyewe, maana uhai wa mtu si mali ya umati. Lakini akilia binti gizani, twasema: hayo ni mambo yao wenyewe, labda ni mtu na mchumba wake.

Mwaka 2013, mwezi Januari, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, waliandamana. Chuo hicho kiko mjini, karibu na kivuko cha Magogoni. Wengi wao walikuwa wamepanga ng'ambo, Kigamboni, ambayo siku hizo ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Temeke. Daraja halikuwapo, lilifunguliwa mwaka 2016. Walivuka kwa pantoni, kisha wakatembea hadi vyumbani mwao. Walilalamika kwamba walikuwa wakivamiwa mara kwa mara, wakinyang'anywa kompyuta na simu, na kwamba baadhi yao, vijana wa kiume wakiwamo, walitendewa unyama ambao hapa tunausitiri. Siku ile iliishia kwa mabomu ya machozi. Tusingependa kuyapima leo makosa ya upande huu na upande ule. Lakini vijana wasomi, wenye wenyeji mlango kwa mlango, kwa nini wafikie kuandamana barabarani ndipo wasikike?

Hapa ndipo tunapopenda kusema na Jumuiya Ndogo Ndogo. Vyuo vyetu vimekua kuliko mabweni yake. Mabweni mapya ya Mlimani yaliyofunguliwa mwaka 2017 yalipunguza shida, hayakuimaliza. Na vyuo vingi havina hata hayo. Kwa hiyo mwanafunzi halali chuoni, analala kwetu: Mabibo, Kigamboni, Mbagala, Changanyikeni, Chang'ombe. Mlinzi wake wa kweli si yule wa getini mwa chuo, ni sisi. Je, mnapokutana Jumamosi alfajiri kwa sala, mnawajua kwa majina wanafunzi waliopanga katika nyumba zenu? Katekista, unao katika daftari lako? Au twawafahamu tu kama “wale wapangaji”?

Na wewe mwenye nyumba uliyepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, umeweka komeo la ndani? Choo kiko nje: je, iko taa uani, au binti huyu anapapasa ukuta saa saba za usiku? Pagale lile lililo jirani mwenyewe ni nani, na mwenyekiti wa mtaa amekwisha kuambiwa? Mambo haya ni madogo, wala hayahitaji padre kuyasema redioni. Ila tumeona yakiwa sababu ya misiba.

Wanafunzi nanyi msikilize. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, nanyi mkitoka maktaba usiku tokeni wawili wawili, au zaidi. Mwambie mwenzako wa chumba unakokwenda na saa utakayorudi. Uwe na namba ya mwenyekiti wa mtaa na ya mwendesha pikipiki mmoja unayemjua. Vijana wa TMCS, mnaokesha kwa sala, kesheni pia kwa kusindikizana; ni ibada ile ile. Walakini tusidanganyane: yote hayo Susana alikuwa nayo, na zaidi.

Kwa maana wale wazee wawili bado wako. Wako walioshika kalamu ya alama badala ya fimbo ya uamuzi, na maneno yao ni yale yale ya bustanini: ukubali, ama ufeli. Sheria ya nchi inaliita jambo hilo kwa jina lake. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 na ile ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 zote zimeligusa, na mlango wa TAKUKURU uko wazi. Lakini binti atakwendaje huko peke yake, kama nyumbani ameulizwa kwanza alivaa nini?

Wako watakaotuambia: Padre, wengine husingizia. Tunajua. Mtazameni basi Danieli. Alikuwa kijana tu, hakuwa na cheo katika mkutano ule. Hakusema Susana ni mwema kwa sababu analia, wala wazee ni waovu kwa sababu ni wazee. Aliusimamisha umati uliokuwa tayari kwenda kuua, akawatenga wale wawili, akamwuliza kila mmoja: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine ule. Kazi yote ilikuwa hiyo: kuchunguza kabla ya kuhukumu, na kuwauliza maswali wale ambao hakuna aliyethubutu kuwauliza. Ingefaa kila baraza la parokia na kila uongozi wa chuo upate mtu mmoja wa namna hiyo, ambaye binti aweza kumwendea naye akaanza kwa kusikiliza. Na mahali pengi ingefaa mtu huyo awe mama.

Sasa tuombe. Tumkumbuke Levina, na wote waliokata tamaa hata wakajitoa uhai. Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 yatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wao. Tumwombee yule binti wa maktaba, popote alipo. Na kama anatusikia asubuhi hii, atupokee tukimwomba msamaha. Tuwaombee pia waliozima taa.

Tumsifu Yesu Kristo!