Kupanga Mji Uliokwisha Kujengwa: Shahada ya Uzamili ya Mipango Miji na Mikoa Ifundishe Nini



Kila mwaka watu kadhaa hujiandikisha kusoma shahada ya uzamili ya mipango miji na mikoa. Baadhi ni vijana waliomaliza shahada ya kwanza juzi tu. Wengine ni maafisa wa halmashauri walioomba ruhusa kazini. Wamesomea upimaji, jiografia, uchumi, usanifu majengo, au mipango miji yenyewe. Nataka kuuliza hadharani swali ambalo kwa kawaida huishia kwenye vikao vya mitaala: wafundishwe nini? Jibu langu ni kwamba wafundishwe, kabla ya jambo lingine lolote, kupanga mji ambao watu wamekwisha kuujenga. Masomo yetu bado yanasimama juu ya mfuatano ambao mijini kwetu hutokea kwa nadra: kwanza mchoro, kisha upimaji, kisha barabara na maji, mwisho nyumba. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekua kwa mfuatano wa kinyume. Nyumba hutangulia, maji na umeme hufuata, njia hupatikana kwa majirani kuachiana, na mchoro huja mwisho, ukija. Anayeujua mfuatano wa kwanza peke yake anahitimu akiwa na ujuzi wa sehemu ndogo tu ya jiji.

Historia ya mipango kabambe ya jiji hili inathibitisha hayo. Mpango wa 1949 uliandaliwa na kampuni ya Kiingereza ya Sir Alexander Gibb. Ule wa 1968 na ule wa 1979 iliandaliwa na kampuni za Kanada. Sensa ya 1967 ilikuta jijini watu takribani 270,000. Sensa ya 2022 ilikuta mkoani watu 5,383,728. Mpango wa 1979 ulikuwa wa miaka 20, ukaisha muda wake 1999, na mpango kabambe mwingine ulipokuja kuandaliwa ulihesabiwa kuanzia 2016 hadi 2036. Katika kipindi hicho cha kati watu hawakusubiri. Walinunua mashamba, wakagawana, wakajenga. Sheria ya mipango miji nayo ilikuwa ya mwaka 1956, iliyotungwa wakati wa ukoloni kwa kufuata mawazo ya Uingereza, na ilidumu mpaka Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Nyaraka zote hizi zilichukulia kwamba ipo serikali yenye fedha za kulipa fidia, kupima na kupeleka huduma kabla mjenzi hajafika. Serikali yenye uwezo huo haijawahi kuwapo hapa. Haikuwapo hata wakati wa Waingereza, waliogawa mji kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na huduma zikagawanywa kwa ngazi hizo hizo.

Kuna wanaosema kwamba dawa ni kuongeza kasi: serikali ipime viwanja vingi, makazi holela yatakwisha. Tupige hesabu. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 Dar es Salaam iliongezeka watu 1,019,187, yaani zaidi ya laki moja kwa mwaka. Hata tukikadiria kila kaya kuwa na watu wanne, ni kaya zipatazo 25,000 kila mwaka. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, uliofungua maeneo kama Bunju, Kibada, Toangoma na Buyuni, ulikuwa juhudi kubwa na ulivuka lengo lake. Lakini lengo lenyewe la viwanja 20,000, ukiliweka mbele ya kasi hiyo ya ongezeko, halifikii mahitaji ya mwaka mmoja. Wala viwanja hivyo havikuwa vya watu wa kipato cha chini, kwa sababu bei yake ilipaswa kurudisha gharama za fidia na upimaji. Sisemi upimaji wa awali uachwe. Ardhi iliyo wazi inapaswa kupimwa mapema, na kila mwanafunzi ajue kazi hiyo. Nasema tu kwamba tukiufanya kuwa kiini cha taaluma, tumeiacha nje idadi kubwa ya wakazi.

Jambo la pili lenye uzito ni kwamba mji huu unaoitwa holela una utaratibu wake. Tafiti za wanazuoni wa Chuo Kikuu Ardhi, wakiwamo Wilbard Kombe na Lusugga Kironde, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba mauziano ya ardhi isiyopimwa hufanyika mbele ya mashahidi: mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, majirani wa pande zote, na karatasi yenye sahihi na muhuri. Mipaka hulindwa na minyaa au michongoma. Ugomvi husuluhishwa na watu wanaofahamiana. Utaratibu huu una mapungufu makubwa. Kiwanja kimoja huweza kuuzwa mara mbili, na wajane na wanawake waliotalikiwa mara nyingi hawamo katika karatasi. Hata hivyo ndio utaratibu uliowapa watu wengi mahali pa kuishi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inalitambua hilo: ina vifungu mahususi vya urasimishaji, na inaruhusu leseni ya makazi kwa mtu anayekaa mahali pasipopimwa. Kwa hiyo sheria imekwisha kwenda mbele. Chumba cha michoro chuoni ndicho kilichobaki nyuma.

Nini basi kingebadilika katika masomo? Kwanza kabisa studio. Leo ni rahisi mwanafunzi wa uzamili kupewa eneo tupu, au eneo lenye nyumba ambalo kwenye kompyuta linafanywa kama tupu, akachora mji mzuri. Apewe mtaa ulio hai, wenye nyumba 400 na vichochoro vya kupita mtu mmoja, na aambiwe: tafuta njia ya gari la zimamoto, mfereji wa maji ya mvua na mahali pa shule, kwa kubomoa kidogo kadiri inavyowezekana, na utueleze kila jirani anaachia nini na anapata nini. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuchora mji mpya. Inadai kujua mteremko wa ardhi, thamani ya nyumba, sheria ya fidia, na namna ya kuendesha kikao cha watu wanaogombania mita moja. Hana Nasif, Kinondoni, ni somo linalostahili kurudiwa kila mwaka. Uboreshaji ulioanza huko miaka ya 1990 uliwaajiri wakazi wenyewe kuchimba mifereji na kutengeneza njia, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wataalamu kutoka chuo cha Ardhi. Nairobi nako, Kaunti ilipotangaza makazi yasiyopangwa ya Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vingine viliingia kazini pamoja na vikundi vya wakazi. Ilionekana mapema kwamba viwango vya kawaida vya upana wa barabara vingezihamisha kaya nyingi mno, kwa hiyo viwango vyenyewe vikalazimika kufikiriwa upya. Mahali pa kufikiri upya namna hiyo ni katika masomo ya uzamili, kwa kuwa shahada ya kwanza inatosha kwa mtu wa kuvitekeleza viwango vilivyopo.

Pingamizi kubwa zaidi ni la kimaadili, nami naliheshimu. Inasemwa kwamba kufundisha hivi ni kumzawadia aliyevunja sheria na kumwadhibu aliyesubiri kiwanja kwa subira. Tena inasemwa kwamba mtaalamu anayekubali kila kitu hana taaluma. Sehemu ya pili ya hoja hii ni ya kweli. Bonde la Msimbazi linatosha kuwa ushahidi: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha wengi bila makazi, na baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande. Kuna mahali ambapo nyumba haipaswi kubaki, na mtaalamu lazima awe na ujasiri wa kulisema hilo kabla ya mvua. Kupanga mji uliokwisha kujengwa ni kujua kutofautisha: hapa pabaki, hapa parekebishwe, hapa watu waondoke, na waondoke kwenda wapi. Alama ya X nyekundu ya kubomolewa iliyochorwa ukutani haitoi jibu la swali hilo la mwisho. Kuhusu aliyesubiri, swali la haki ni kama kulikuwa na foleni yenye mwisho. Ambapo lengo lenyewe la viwanja halikutosha hata kwa mwaka mmoja, kumlaumu aliyejenga ni kumdai atii utaratibu ambao haukuwahi kumfikia.

Wengine watasema nimesahau neno mikoa. Sikulisahau, na hapa naona udhaifu mkubwa zaidi. Baada ya sera ya Madaraka Mikoani ya 1972, mipango ya mikoa iligawiwa wafadhili, kila mmoja na mkoa wake; Tanga ilikwenda kwa Wajerumani. Wafadhili walipoondoka, kazi nyingi za mipango hiyo hazikuwa na wa kuziendeleza. Tangu hapo somo la mkoa limebaki kama nadharia ya kujibia mtihani. Lakini mfuatano wa kinyume ninaouzungumzia huanzia mkoani. Mashamba yanayogawanywa leo yako Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo, katika Mkoa wa Pwani, huku wanunuzi wakifanya kazi Dar es Salaam. Mpaka wa mkoa hauwazuii. Unamzuia mtaalamu wa mipango tu, kwa sababu mamlaka yake yanaishia hapo. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria 2024, na vituo vyake vya Soga na Ruvu vimo katika mkoa huo huo. Ardhi inayovizunguka bado inaweza kupangwa kabla ya nyumba. Ni moja ya nafasi chache tulizonazo za kufuata mfuatano wa vitabuni, na haitadumu miaka mingi. Tasnifu tatu au nne za uzamili, zikielekezwa huko sasa kwa makubaliano na halmashauri husika, zitafaa kuliko tasnifu ishirini zilizotawanyika.

Limebaki pingamizi la wale wanaosema tatizo ni siasa na fedha, wala si elimu. Siasa ipo, na fedha hazitoshi. Lakini Tumsifu Nnkya, katika kitabu chake kuhusu kwa nini mipango haifanyi kazi, aliweka haki za wakazi katikati ya swali hilo, na hapo naungana naye. Mpango ambao mkazi hakuusoma hana sababu ya kuutetea mbele ya mwanasiasa. Na kwa sasa hawezi kuusoma. Tasnifu zetu zinaandikwa kwa Kiingereza, zinafungwa kwa jalada gumu, zinapelekwa maktaba. Mwenyekiti wa mtaa aliyemtembeza mwanafunzi siku nzima juani, na mama aliyejibu dodoso akiwa jikoni, hawaioni kazi hiyo tena.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara na kurugenzi za masomo ya uzamili jambo moja linaloweza kuanza mwaka huu wa masomo bila kusubiri bajeti. Mwanafunzi asiruhusiwe kuhitimu mpaka awe ameandika muhtasari wa Kiswahili wa kurasa zisizozidi kumi, wenye ramani inayosomeka, ameukabidhi katika ofisi ya serikali ya mtaa aliofanyia utafiti, na ameusimamia kwa maswali katika mkutano wa wakazi. Mtahini wa nje naye ahudhurie mkutano huo.